Ghorofa linakuja, barabara ni ile ile: jinsi mtaa unavyoweza kuhoji mradi kabla zege halijamwagwa

Barabara nyingi za ndani za Nyegezi, Malimbe, Nyasaka, Kiseke na Isamilo, hapa Mwanza, zilichongwa kuhudumia nyumba za familia moja moja. Leo njia hizo hizo zinabeba hosteli, nyumba za kupanga, shule za awali, gereji, maduka na vijiwe vya bodaboda. Mabati ya uzio yakisimikwa kwenye kiwanja kilichobaki, na habari zikaenea kwamba zinakuja apatimenti ishirini na kitu, watu wana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Ila wasiwasi peke yake hausogezi jambo ofisini. Halmashauri haikatai mradi kwa sababu mtaa umekasirika. Huukataa, au huuwekea masharti, kwa sababu ya matumizi ya ardhi, ramani, mazingira na usalama. Kwa hiyo mtaa uende na vipimo, uende mapema, na uombe mambo yanayotekelezeka.

Anzeni kwa kujua kinachojengwa

Hoja nyingi za mtaa hufia hapa. Watu wanaandika barua ya kupinga "ghorofa kumi", kumbe ramani ina ghorofa nne. Ofisa akishaona kosa hilo kwenye aya ya kwanza, aya zilizobaki anazisoma kwa shaka.

Anzeni na bango la mradi. Eneo halali la ujenzi mkubwa huwa na bango linalomtaja mwenye mradi, mkandarasi na wataalamu, na namba ya kibali cha ujenzi. Pigeni picha. Kama bango halipo, hilo nalo ni jambo la kuandika: tarehe mliyofika, mlichokuta, kazi iliyokuwa ikiendelea. Kisha mwoneni mtendaji wa mtaa, na baada yake afisa mipango miji wa halmashauri yenu. Hakikisheni mnajua halmashauri yenu ni ipi. Nyegezi, Mkolani, Isamilo na Luchelele wako Jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Kirumba, Pasiansi, Kiseke, Nyasaka na Buswelu wako Manispaa ya Ilemela. Barua iliyopelekwa upande usiohusika inaweza kuzunguka wiki kadhaa huku msingi unachimbwa.

Ofisini ulizeni mambo manne. Mchoro wa mipango miji unasema kiwanja hicho ni cha matumizi gani: makazi, makazi na biashara, au huduma ya jamii? Je, kuna ombi la kubadili matumizi au kuunganisha viwanja? Kibali cha ujenzi kimetolewa, na kama kimetolewa ni cha ghorofa ngapi na apatimenti ngapi? Mradi umepitia tathmini ya athari kwa mazingira? Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Matumizi yakibadilishwa hutolewa tangazo, na wenye pingamizi hupewa muda wa kulileta. Someni tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye tangazo lenyewe, maana ikishapita mnabaki kuomba hisani.

Mkiambiwa "hizo ni siri za ofisi", msigombane. Andikeni barua ya kuomba taarifa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu, na mwombaji awe raia wa Tanzania. Tajeni hati mnayoitaka kwa jina, kwa mfano "mchoro wa mipango miji unaohusu Kiwanja Na. fulani, Kitalu fulani". Ombi la "taarifa zote za mradi" ni rahisi kulizungusha.

Pimeni barabara yenyewe

Tafuteni futi kamba ya mita 30, watu watatu na daftari. Pimeni sehemu tano: kwenye makutano na barabara kubwa, penye kalavati, kwenye kona kali, mahali pembamba kuliko pote, na mbele ya kiwanja cha mradi. Pimeni upana unaopitika, siyo umbali wa kutoka fensi hadi fensi. Kama upande mmoja kuna mtaro ulio wazi na upande wa pili nguzo ya umeme au jiwe kubwa lililotokeza, upana wenu ni kilichobaki katikati.

Kwa nini sentimita zina maana: gari dogo lina upana wa takribani mita 1.8, na tipa la mchanga kama mita 2.5. Malori mawili yakipishana yanahitaji angalau mita 6 ukihesabu nafasi ya kupumulia. Gari la zimamoto linahitaji njia tupu ya takribani mita 3.5 hadi 4, na likifika sharti lipate pa kusimama na kufungua milango. Sasa chukueni njia ya mita 4.8 ambayo upande mmoja magari huegeshwa usiku. Toeni mita 1.8. Mnabaki na mita 3. Hapo hoja si usumbufu tena, ni watu waliolala ghorofa ya tatu na gari la zimamoto (namba 114) lililokwama kwenye kona. Andikeni hivyo hivyo kwenye barua, na mkumbuke kwamba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina kazi ya kukagua ramani za majengo. Nakala ya vipimo vyenu iwafikie.

Kuhesabu magari bila kujidanganya

Hesabuni Jumanne, Jumatano na Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa. Epukeni mwisho wa mwezi, siku ya gulio, siku ya msiba mtaani na siku ya mvua kubwa. Siku hizo zinapotosha, na mhandisi atauliza mlihesabu lini. Kaeni asubuhi kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30, na jioni kuanzia saa 10:30 hadi saa 1:00. Watu wawili kwa kila upande wa safari: mmoja anaita, mwingine anaandika.

Gaweni muda kwa dakika kumi na tano, kwa sababu hesabu ya saa nzima inaficha ile nusu saa ambayo kila kitu hukwama. Choreni safu tisa: waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, gari dogo, hiace, lori, magari yaliyorudi rivasi, na foleni kwenye makutano. Pigeni vijiti vinne, cha tano kikate. Mstari mmoja wa karatasi iliyojazwa vizuri unasomeka hivi:

*Saa 1:15–1:30, kuelekea barabara kubwa: miguu 64, baiskeli 3, bodaboda 41, bajaji 12, gari dogo 19, hiace 2, lori 1. Magari yaliyorudi rivasi ili kupishana: 4. Foleni kwenye makutano: magari 9.*

Safu mbili za mwisho ndizo wengi husahau, na ndizo zinazoonyesha msongamano. Gari kwenye foleni hukalia takribani mita 6 pamoja na nafasi ya mbele yake, hivyo foleni ya magari 9 ni mita 54. Kama geti la mradi litakuwa mita 40 kutoka makutano, mna jambo kubwa la kumwonyesha mhandisi: kila asubuhi foleni italifunika geti hilo, na gari linalotoka litakata foleni kwa nguvu.

Msichanganye bodaboda 41 na magari 41. Wahandisi hubadilisha kila chombo kuwa sehemu ya gari dogo moja kwa viwango vyao. Nyinyi pelekeni hesabu ghafi, safu kwa safu, na ubadilishaji huo waachieni wao.

Ongezeni matembezi mawili ya usiku, saa 4, kuhesabu magari yaliyoegeshwa barabarani. Hiyo ndiyo picha halisi ya nyumba zisizo na maegesho.

Mradi utaongeza nini

Hapa ndipo hisia huharibu kazi. Mtu anaandika "apatimenti 24 zitaleta magari 48", na mwenye mradi anajibu kwamba wapangaji wengi wa Mwanza hupanda bodaboda na daladala. Ni kweli, wengi hupanda. Njia nzuri ni kutafuta jengo linalofanana ambalo limeshapangishwa mitaa ya jirani, mkae mbele yake asubuhi mbili, mhesabu vinavyotoka na kuingia, kisha mgawanye kwa idadi ya apatimenti zenye watu. Tuseme jengo la apatimenti 12 limetoa magari 9 na bodaboda 14 katika saa mbili. Kwa apatimenti 24 mtegemee kama magari 18 na bodaboda 28. Makadirio hayo hakuna anayeweza kuyaita uzushi, kwa sababu yeyote anaweza kwenda kusimama pale pale na kuhesabu mwenyewe.

Maegesho nayo yana hesabu yake. Nafasi ya gari moja ni mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kugeuzia, kila gari linakula mita za mraba 25 hivi. Magari 24 ni mita za mraba 600. Kiwanja kikiwa cha mita za mraba 900 na jengo likikalia 450, zinabaki 450 tu, na ndani ya hizo kuna shimo la majitaka, tangi la maji, jenereta na geti. Basi ama maegesho yawe chini ya jengo, ama apatimenti zipungue, ama magari yalale barabarani. Waulizeni wazi wamechagua lipi.

Majitaka yanastahili mkao mrefu zaidi, kwa sababu Mwanza ni mji wa mawe. Baadhi ya vilima vimeunganishwa na mabomba ya majitaka, lakini mitaa mingi bado inategemea mashimo. Apatimenti 24 zenye watu wanne wanne ni watu 96. Kila mtu akitumia lita 80 kwa siku, ni lita 7,680. Sehemu kubwa, tuseme asilimia 80, hurudi kama majitaka: zaidi ya lita 6,100 kila siku ya Mungu. Kama udongo hauyafyonzi, shimo lazima linyonywe, na gari la kunyonya la lita 6,000 litahitajika karibu kila siku kwenye barabara ile ile nyembamba. Gari lisipokuja, majitaka hufuata mteremko, yaani kwa jirani wa chini.

Uwezo wa ardhi kufyonza unapimika. Kwenye kiwanja kinachopakana, kwa ruhusa ya mwenyewe, chimbeni shimo la sentimita 30 kwa 30, kina cha mita moja hivi. Lijazeni maji jioni, liacheni lilowe usiku kucha. Asubuhi tieni maji tena kufikia kimo cha sentimita 15, simikeni rula, mtazame saa. Maji yakichukua zaidi ya dakika 60 kushuka sentimita 2.5, hapo shimo la kufyonza halifai. Mkigonga mwamba kabla ya mita moja, pigeni picha ya mwamba pamoja na futi kamba: picha hiyo inatosha. Kosa la kawaida ni kupima bila kulowesha kwanza. Udongo mkavu hunywa maji haraka na kutoa jibu la uongo. Mkimaliza, fukieni shimo siku hiyo hiyo, kuna watoto.

Maji ya mvua ni rahisi zaidi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 kwenye kiwanja cha mita za mraba 900, kilichofunikwa karibu chote kwa paa na pevingi, inatoa takribani lita 40,000 ndani ya muda mfupi. Ni kama mapipa 200 yakimwagwa kwenye mtaro mmoja. Awali sehemu ya maji hayo ilikuwa inazama ardhini. Pimeni upana na kina cha mtaro unaopokea, mwangalie kama kalavati limejaa mchanga na chupa za plastiki. Wanaoishi kandokando ya Mto Mirongo wanaelewa mitaro ya vilimani ikizidiwa maji huishia wapi.

Mambo mawili ya mwambao na vilima yasisahaulike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Kwa Capri Point, Luchelele, Bwiru na Kirumba, kupima umbali huo ni kazi ya dakika kumi. Na penye mawe makubwa yaliyolaliana, ulizeni yatavunjwaje na nani amekagua yale yatakayobaki juu ya nyumba za watu. Jiwe lililoegemea jingine kwa miaka yote hiyo linaweza kupoteza egemeo kwa siku moja ya kuchimba. Baruti haitumiki bila kibali, na mkiona mawe yanachomwa kwa matairi usiku, toeni taarifa siku hiyo hiyo.

Mkutano wa mtaa na muhtasari wake

Mwombeni mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, na mwenye mradi aalikwe kwa barua. Msikilizeni kwa heshima. Mara nyingi mambo kama geti, saa za malori na mtaro humalizika hapo hapo, kwa sababu naye hataki wapangaji wake wakwame kwenye foleni. Waalikeni wapangaji, si wenye nyumba tu, na vijana wa kijiwe cha bodaboda, ambao wanaijua barabara kuliko wote.

Muhtasari uwe na tarehe, agenda, hoja, maazimio na orodha ya mahudhurio yenye jina, namba ya nyumba na sahihi. Upate muhuri wa ofisi ya mtaa. Orodha yenye majina 40 ya wakazi halisi ina nguvu kuliko majina 200 yaliyokusanywa stendi. Jina moja la mtu asiyeishi hapo likigundulika, linachafua yote.

Barua

Iandikwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kupitia kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata. Isizidi kurasa mbili, vipimo viwe viambatisho. Mfano:

*YAH: MAOMBI YA MASHARTI YA BARABARA, MAEGESHO NA MAJITAKA KWENYE MRADI WA JENGO LA GHOROFA, KIWANJA NA. …, KITALU …, MTAA WA …*

*Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sisi wakazi wa mtaa tajwa, kwa azimio la mkutano wa tarehe … (muhtasari umeambatishwa), tunaomba kabla ya kibali kutolewa, au kama kimetolewa basi kabla ya jengo kutumika, yafuatayo yawe masharti ya maandishi:*

*(a) Geti lirudi ndani mita 6 kutoka ukingo wa barabara, lifunguke kwa kuteleza au kwa ndani, ili gari linalosubiri lisizuie njia.*

*(b) Maegesho yote yawe ndani ya kiwanja, na mchoro wake uonyeshwe.*

*(c) Malori yaingie kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri tu, na mchanga, kokoto na nondo visiwekwe barabarani.*

*(d) Maji ya paa yakusanywe kwenye matangi yasiyopungua lita 40,000, na mtaro wa mbele ujengwe na kufunikwa kwa gharama ya mradi.*

*(e) Mpango wa majitaka uthibitishwe na mamlaka ya maji kwa maandishi.*

Sharti (d) maana yake ni simtanki nne za lita 10,000. Likisemwa hivyo kwenye mkutano, kila mtu anaona kwamba linawezekana.

Nakala ziende kwa diwani, TARURA wilaya (wakala wa barabara za mijini na vijijini), MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), Zimamoto, na ofisi ya Kanda ya Ziwa ya usimamizi wa mazingira ambayo wengi wanaijua kama NEMC. Kama geti linafungukia barabara kuu, mfano Kenyatta au Nyerere, mhusika ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Pelekeni barua masjala kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri huo ni kama haikuandikwa.

Subirini siku 14, kisha fuatilieni kwa barua fupi inayotaja kumbukumbu ya ile ya kwanza. Diwani apewe hoja mapema, kabla ya kikao cha kamati inayoshughulikia mipango miji, kwa sababu Baraza la Madiwani hukaa kikao cha kawaida mara moja kila robo mwaka na ujenzi hausubiri robo mwaka. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, nendeni mkasikilize.

Ikifika mahakamani, tafuteni wakili mapema. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Anayetaka mahakama ipitie upya uamuzi wenyewe ana miezi 6 tangu ulipotolewa. Mitaa mingi hugundua muda huu ukiwa umeshapita.

Ujenzi ukishaanza

Wekeni daftari moja, si makundi matano ya WhatsApp. Kila tukio: tarehe, saa, namba ya gari, kilichotokea, picha. Lori lililovunja mfuniko wa mtaro likiandikwa siku hiyo, mkandarasi hana pa kukwepea. Likikumbukwa baada ya miezi mitatu, ni maneno matupu. Usafishaji wa tope barabarani ufanyike kila jioni wakati wa masika, kwa sababu tope la tipa kwenye mteremko huangusha bodaboda asubuhi.

Kabla wapangaji hawajaingia, ombeni mkaguzi wa halmashauri aje na barua yenu mkononi. Pimeni naye umbali wa geti kwa futi kamba, hesabuni nafasi za magari, fungueni mfuniko wa mtaro. Mwezi mmoja baada ya jengo kujaa, rudieni hesabu ya magari kwa fomu ile ile, siku zile zile, saa zile zile, na mpeleke matokeo TARURA yakiwa pamoja na yale ya kwanza.